Mtu Mpya na Madeni ya Mtu wa Kale

Mtu anaposema kwamba Yesu amembadilisha, anasema nini hasa? Nimesikia shuhuda nyingi maishani mwangu, makanisani, misibani na hata ndani ya mabasi, na mimi mwenyewe nimetoa shuhuda zisizo na idadi. Karibu zote huwa na sentensi moja isemwayo kwa furaha: "Mimi siye yule wa zamani." Ni sentensi tamu. Lakini ichukue, ndugu msomaji, uiweke mezani uitazame vizuri. Ikiwa mimi siye yule wa zamani, naye yule wa zamani alikopa fedha, nani atazilipa? Kama alimpiga mtu akamtoa jino, ni nani atakayesimama mbele ya mwenye jino? Mshtakiwa akimwambia hakimu kwamba aliyeiba ng'ombe ni mtu mwingine aliyekwisha kufa siku ya toba, mahakama nzima itacheka. Kwa nini basi jibu hilo hilo likitolewa kanisani tunapiga makofi?

Siandiki haya ili kuwadhihaki waliookoka. Mimi ni mmoja wao, wala sioni haya kusema hivyo katika uzee huu. Naandika kwa sababu kwa muda wa miaka saba nilijificha ndani ya sentensi hiyo kama kobe ndani ya gamba lake, na aliyenitoa humo ni Yesu yule yule niliyekuwa nikimtaja kila Jumapili.

Nilizaliwa katika nyumba ya Kikristo, nikabatizwa ningali mchanga, nikapata kipaimara kama wenzangu. Mwaka 1970 niliingia chuo cha ualimu. Wakufunzi wetu walitufundisha kuandaa azimio la kazi, kuandika ubaoni kwa mwandiko unaosomeka hadi dawati la mwisho, na kukumbuka kwamba mwalimu ni kioo cha jamii. Nilipoanza kazi nilipewa pia kipindi cha dini, nami nikamfundisha Yesu kama nilivyofundisha mito ya Afrika: mahali alipozaliwa, mahali alipokulia, miujiza yake, mifano yake, jinsi alivyokufa. Watoto walikariri, wakajibu maswali, wakapata alama nzuri. Mimi mwenyewe ningepata mia kwa mia.

Lugha yetu ina neno ambalo nilichelewa sana kulizingatia. Tunasema, "Namjua Rais," na kila mtu ana haki ya kusema hivyo, maana tumemsikia redioni na kuiona picha yake ofisini. Lakini mtu akisema, "Mimi na Rais tunajuana," watu watageuza shingo wamtazame. Kujua ni kazi ya mmoja. Kujuana ni kazi ya wawili. Katika kujua, mimi ndimi mwenye macho. Katika kujuana natazamwa pia. Kwa miaka arobaini ya kwanza ya maisha yangu nilimjua Yesu bila kujuana naye, na kwa kweli hali hiyo ilinifaa, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo sikupenda alitazame.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu kijana wa shule moja ya msingi katika Mkoa wa Dodoma. Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka miaka ile: foleni za sukari na sabuni ya mche, unga wa njano tuliouita wa Yanga, mshahara uliochelewa hata ukasahau ni wa mwezi gani. Mwaka uliotangulia, 1983, Serikali ilikuwa imeendesha msako wa wahujumu uchumi, na kila mwenye debe la ziada alilala jicho moja wazi. Shule yetu, kwa kufuata Elimu ya Kujitegemea, ilikuwa na shamba la mahindi. Watoto walilima, wakapalilia, wakavuna. Magunia yaliwekwa stoo, ufunguo mmoja nikawa nao mimi, wa pili akawa nao mlinzi wa usiku.

Usiku mmoja niliuza magunia matatu kwa mfanyabiashara aliyekuja na gari bila taa. Ningependa kuandika kwamba watoto wangu walikuwa na njaa. Hawakuwa na njaa. Nilinunua doti moja ya khanga kwa ajili ya mke wangu, nikalipa deni la pombe, na kilichobaki nikanunulia redio. Nilikuwa na uchu wa redio kwa sababu mwalimu wa shule ya jirani alikuwa nayo, nami nilichoka kwenda kwake kuomba kusikiliza taarifa ya habari kama mtoto.

Kamati ya shule ilipohesabu, magunia yalipungua. Nikaulizwa. Nikasema ufunguo ulikuwa kwa watu wawili. Sikusema zaidi ya hapo, na kwa miaka mingi nilijitetea moyoni kwamba sikumsingizia mtu, nilitaja idadi tu. Hesabu ilibaki kwao, na mwalimu mkuu hawezi kuwa mwizi. Kioo cha jamii hakiibi. Mgambo wakamchukua mlinzi hadi ofisi ya kijiji, akalala huko usiku mbili, kisha akaachishwa kazi. Mimi ndiye niliyeandika habari hiyo katika kitabu cha kumbukumbu za shule, kwa mwandiko ule mzuri niliofundishwa chuoni: mlinzi ameondolewa kwa uzembe na kushukiwa wizi. Mwaka uliofuata nilihamishwa kwenda shule nyingine, kilomita kama kumi na nne kutoka pale. Redio nilikwenda nayo.

Sasa nije kwenye kuokoka kwangu, ambako kulikuwa kwa kweli. Mwaka 1991 alifariki mwalimu mwenzangu, tukakesha msibani. Nilikuwa nimekunywa, kama ilivyokuwa desturi yangu. Usiku wa manane mama mmoja mzee, mwanaushirika, asiyejua kusoma, aliombwa asali. Nilitega sikio nikitarajia maneno yale ya siku zote. Lakini yule mama alizungumza na Yesu kama mtu anayezungumza na aliyeketi kwenye kigoda cha pili. Alimwambia habari za marehemu, akanyamaza kidogo, kama anayengoja jibu, kisha akaendelea. Nilifumbua macho kutazama kama kuna mtu pale. Mimi niliyefundisha habari za Yesu kwa karibu miaka ishirini nilimwonea wivu mwanamke asiyeweza kuandika jina lake. Usiku ule, nikirudi nyumbani gizani, nilisema kwa sauti, "Bwana, mimi na wewe hatujuani." Huo ndio uliokuwa mwanzo. Sikuona mwanga wala sikusikia sauti. Nilihisi tu kwamba nimetazamwa, na kwamba aliyenitazama hakugeuka kuondoka.

Mengi yalibadilika, na mke wangu ni shahidi. Pombe niliiacha ndani ya mwezi ule. Mshahara ukaanza kufika nyumbani ukiwa mzima. Fimbo niliyoitumia kwa hasira nikaipunguza. Wanaushirika walinipokea, wakaniita ndugu, wakanipa nafasi ya kushuhudia. Nami nilikuwa msemaji mzuri, kazi yangu ikiwa kusema mbele za watu. Nilisimulia pombe. Nilisimulia hasira. Nilisimulia hata wanawake. Watu walilia. Mlinzi sikumtaja.

Kila alipokuja moyoni nilimfukuza kwa andiko. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba aliye wa Kristo ameumbwa upya na mambo yake ya zamani yamekwisha. Basi, nikasema, ya mwaka 1984 yamekwisha. Kuyafukua ni kukosa imani. Mungu amesamehe, mimi ni nani hata nisijisamehe? Tazama jinsi neno la kweli linavyoweza kugeuzwa kuwa mlango wa stoo.

Na haikuwa kwamba sikufundishwa. Ushirika wetu ni tawi la Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia huko Rwanda na Uganda. Mwaka 1929 daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, Joe Church, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi katika kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Na katika miaka ya 1930 moto ukawaka, ukavuka mipaka hadi Tanganyika na Kenya. Wazee wetu walikuwa na msemo wa kutembea nuruni, nao haukuwa msemo wa mapambo. Watu walirudisha majembe waliyoiba, sahani za mabwana zao, fedha za misheni. Mmoja wao alikuwa Festo Kivengere, kijana mwalimu kutoka kusini-magharibi mwa Uganda, ambaye katika miaka ya 1940 alikuja kufundisha hapa Dodoma. Alipookoka, kabla ya kuja kwetu, alipanda baiskeli akaenda safari ndefu hadi kwa mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia, kwenda tu kumwomba radhi kwa chuki yake. Baadaye alikuwa askofu wa Kigezi, na mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, alilazimika kuikimbia nchi yake. Watu humkumbuka kwa mahubiri yake makubwa. Mimi hukumbuka baiskeli, maana mwaka 1991 mimi nilikuwa na baiskeli, na kilomita kumi na nne si safari.

Kwa nini basi sikwenda? Nimelifikiri sana swali hili. Kabla ya kuokoka sikuweza kukiri kwa sababu jina langu ndilo lilikuwa mali yangu ya pekee: Mwalimu Mkuu. Baada ya kuokoka nilipata jina la pili, zuri kuliko la kwanza: Mwalimu Aliyeokoka. Nikalilinda hilo kama nilivyolilinda lile. Kwa maneno mengine, wokovu wenyewe niliufanya redio mpya.

Mwaka 1998, siku moja ya kipindi cha baridi, waliletwa ofisini kwangu wavulana wawili wa darasa la tano waliopigana hadi damu. Mmoja alikuwa mgeni, amehamia kwa mama yake aliyeolewa kijijini kwetu. Ndiye aliyeanza kupiga. Fimbo ilikuwa juu ya meza. Nikamwuliza kwa nini. Akanyamaza. Nikauliza tena kwa ukali. Akasema, "Ameniambia babu yangu ni mwizi wa mahindi ya shule."

Nikamwuliza babu yake ni nani, ingawa nilikwisha kujua. Akamtaja. Kisha akaongeza, akinitazama usoni bila woga, "Lakini babu anasema hakuiba, na mimi namwamini."

Ndugu msomaji, nimehubiriwa na maaskofu, lakini hakuna mahubiri yaliyonikata kama hayo. Mtoto yule aliamini asiloliona. Na mtu pekee katika nchi nzima ambaye angeweza kuligeuza imani yake kuwa ujuzi alikuwa ameketi mbele yake na fimbo. Niliwaambia wote wawili warudi darasani. Nikafunga mlango. Nilijaribu kusali nikaona sina la kusema, kwa sababu kila nilipofungua kinywa ni kama nilisikia, "Tunajuana mimi na wewe, au hatujuani?" Kama tunajuana, basi alikuwapo stoo usiku ule. Alilijua gari lile lisilo na taa. Alinipokea msibani akiwa anajua, na miaka yote saba nilipokuwa nikimsimulia habari za pombe yangu, alikuwa akingoja tufike kwenye mahindi.

Hapo ndipo nilipokisoma tena kisa cha Zakayo, ambacho nilikuwa nimekifundisha pengine mara thelathini. Nilikuwa nikiwauliza watoto: Zakayo alirudisha mara ngapi? Nao hujibu kwa pamoja: Mara nne! Sikuwahi kuwauliza alirudisha lini. Mtoza ushuru yule hakurudisha kwanza ndipo Yesu akaenda kwake. Yesu alijialika nyumbani mwake angali na mali za watu ndani, na wenyeji wa Yeriko walinung'unika kwa sababu hiyo. Alikaa, akapokewa, na ndipo Zakayo aliposimama mwenyewe akataja alichodhulumu. Ninavyoelewa mimi, mpangilio huo ndio injili yote. Anayetafuta kukubaliwa hawezi kusema ukweli, maana ukweli utamharibia. Aliyekwisha kukubaliwa ndiye anayeweza kupata hasara.

Na kuhusu Paulo, nilimwonea. Mtu yule yule aliyeandika habari za kuumbwa upya ndiye ambaye, akiwaandikia Wakorintho, na Wagalatia tena, anarudia kutaja kwamba alilitesa kanisa. Miaka ilipita, bado anasema: ni mimi. Hasemi kwamba aliyewatesa ni Sauli, marehemu. Nikaona kwamba nimesoma mambo kinyume. Kumbe mtu wa kale ndiye asiyeweza kusema "ni mimi". Hujificha nyuma ya ufunguo wa pili. Mtu mpya si yule aliyeachana na madeni ya mtu wa kale. Ndiye wa kwanza mwenye uwezo wa kuyalipa. Ameyarithi yote, pamoja na mfuko.

Nilikuwa na mwalimu mwenzangu Mwislamu, mtu wa busara, ambaye siku zile nilimweleza jambo langu kabla ya kuwaeleza wanaushirika. Huenda hilo nalo linasema kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwamba katika dini yao wanafundishwa kwamba dhambi kati ya mja na Mola wake ina toba yake, lakini iliyogusa haki ya mtu mwingine haimaliziki mpaka haki imrudie mwenyewe. "Umelipa upande mmoja, Mwalimu," alisema. Nilisikia vibaya kufundishwa Zakayo na mtu ambaye hasomi Injili ya Luka. Lakini alikuwa amesema kweli.

Mke wangu alilia nilipomwambia. Hakulia kwa ajili ya mlinzi kwanza. "Baba watoto," akasema, "na khanga zile nilizovaa kanisani?" Baadaye akauliza lililokuwa zito zaidi: wakikufukuza kazi, ada tutaitoa wapi? Tulikuwa na watoto wawili sekondari. Sikuwa na jibu. Wapo wahubiri wanaosema ukitii Mungu atafungua milango. Mimi sikuahidiwa mlango wowote, wala sikumwahidi yeye.

Nilikwenda Jumamosi, kwa baiskeli. Mzee alikuwa ameketi chini ya mti nje ya tembe lake, macho yameharibiwa na vikope, ugonjwa uliowapofusha wengi katika mkoa wetu. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Sauti hiyo ni ya Mwalimu Mkuu."

Nilikuwa nimetayarisha maneno, kama andalio la somo. Yalinipotea. Nikasema tu kwamba magunia yale niliyauza mimi. Alinyamaza kitambo kirefu. Kuku walikuwa wakichakura karibu na miguu yetu. Kisha akasema, "Najua. Nilikuona."

Nikamwuliza, kwa nini basi hakusema? "Ningemwambia nani?" akajibu. "Mlinzi amtaje mwalimu, aaminiwe nani?" Kisha akauliza kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote niliyoweza kuisikia: "Mbona umechelewa, Mwalimu? Mke wangu alikufa akiitwa mke wa mwizi."

Nimeulizwa maswali mengi katika usaili na ukaguzi wa shule. Hilo moja sijalijibu mpaka leo.

Nilipokuwa nikihangaika nalo niliisoma habari ya Mwingereza John Newton, aliyetunga wimbo mashuhuri wa neema uliochapishwa mwaka 1779 na kuimbwa hadi leo duniani kote. Mwezi Machi 1748 meli yake ilikumbwa na dhoruba, akamlilia Mungu, na siku hiyo aliihesabu kuwa mwanzo wa kuongoka kwake. Wengi wetu tukisimulia kisa chake hudhani alishuka melini akaacha biashara ya watumwa. Hakuacha. Baada ya kuongoka ndipo alipokuwa nahodha wa meli za watumwa, akiwasalisha mabaharia siku ya Jumapili huku watu wamefungwa minyororo chini ya mbao alizosimamia. Na alipoacha ubaharia mwaka 1754, aliacha kwa sababu ya ugonjwa. Ni mwaka 1788, miaka arobaini baada ya dhoruba, ndipo alipochapisha kijitabu cha kuipinga biashara ile na kukiri hadharani sehemu yake mwenyewe. Alifariki Desemba 1807, mwaka ule ule ambao Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo.

Sisi tunaokaa katika nchi ambayo misafara ya watumwa ilipita Ugogo kuelekea Bagamoyo hatuwezi kukisoma kisa hicho kwa wepesi. Wapo wanaosema kwamba basi kuongoka kwake kulikuwa bure. Sikubali, kijitabu kile kilitoka katika mti uliopandwa siku ya dhoruba. Wapo wanaosema, tazama jinsi Mungu alivyo mvumilivu. Ni kweli, ila uvumilivu ule haukugharimiwa na Newton. Uligharimiwa na waliokuwa chini ya mbao. Kwa kiasi kidogo, miaka yangu saba ya neema iligharimiwa na mwanamke aliyekufa akiitwa mke wa mwizi. Nikisikia mtu akisema kwamba badiliko la mwamini ni safari ya polepole, naitikia amina, lakini namkumbuka mama huyo.

Nilimwambia mzee kwamba nimekuja kumwomba msamaha na kumlipa. Kuhusu msamaha hakusema neno. Kuhusu malipo alisema hivi: "Jina langu hukulichukua hapa chini ya mti. Ulilichukua mbele ya kijiji."

Basi nilisimama katika mkutano wa kijiji, mwenyekiti akiwa amenipa nafasi bila kujua nitakalosema. Ni ushuhuda mfupi kuliko wote niliowahi kutoa, na hakuna aliyepiga makofi. Vijana wengine walicheka. Mzee mmoja alitema mate chini. Jumatatu iliyofuata nilipeleka barua kwa wakubwa wangu wa elimu. Nilivuliwa ukuu wa shule na kuhamishwa nikiwa mwalimu wa kawaida, na ilichukua miaka mitano kabla ya kuaminiwa tena kushika shule, ambayo niliiongoza hadi nilipostaafu mwaka 2011. Shule ya zamani niliirudishia magunia kumi na mawili, mavuno ya misimu miwili. Mzee nilimlipa mishahara aliyoikosa, kwa mafungu. Mtoto wetu mmoja alikaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa ada. Huyo pia alilipa.

Wapo marafiki zangu wasioamini wanaoniambia kwamba yote haya mtu angeweza kuyafanya bila Yesu, kwa dhamiri tu. Pengine. Nimeona watu wasio na dini wakiacha pombe, na wenye dini wakifia vilabuni. Sibishani nao. Mimi najua tu kwamba dhamiri nilikuwa nayo mwaka 1984, nayo ilipiga kelele wiki mbili ikachoka. Kilichonifuata kwa miaka kumi na minne hakikuchoka, wala hakikunitukana; na siku nilipopanda baiskeli, hakikubaki nyuma kuona nitafanyaje.

Niliendelea kumtembelea mzee, mwanzoni kwa ajili ya kupeleka mafungu, baadaye bila sababu. Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami niliacha kungojea. Siku moja, ilikuwa mwaka 2000, aliniuliza ghafla, "Ile redio bado inasema?"

Sikuwahi kumtajia redio. Nikasema bado inasema. Safari iliyofuata niliifunga kwenye kereta la baiskeli, nikaiweka mapajani mwake. Aliipapasa pande zote, akaitafuta swichi, akaizungusha mpaka mlio ukasafika. Nikaanza kusema jambo, nadhani lilikuwa la kuomba radhi tena. Akaninyoshea kiganja ninyamaze, akamwita mjukuu wake alete kigoda, maana taarifa ya habari ilikuwa inaanza.